Laptopu ya duka la dawa iliyogoma kupanda Windows 11, na kwa nini sikuifomati

Siku hizi mashine ikigoma kutoka Windows 10 kwenda 11 jibu la haraka la mafundi wengi ni moja tu, fomati piga upya, yaani futa diski uweke Windows mpya. Na mara nyingi inakubali kweli, mashine inawaka safi, mteja analipa anaondoka. Ila kuna mashine ukiifomati umeua biashara ya mtu, na kuna nyingine hata uifomati tatizo linabaki palepale maana halikuwa ndani ya Windows toka mwanzo. Kisa hiki kina vyote viwili ndo maana nakiandika chote, na kodi zake za hitilafu na amri zake, mwenye shida kama hii achukue.

Mashine ni laptopu ya mtumba iliyokuwa ya ofisini huko ilikotoka, i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD ya NVMe GB 256, ndani kuna Windows 10 Pro 22H2. Kwa vigezo haina shida, chipu ya usalama TPM 2.0 ipo, Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka) ipo, prosesa imo kwenye orodha, ukiendesha PC Health Check, programu ya Microsoft ya kupima kama mashine inafaa, inakupa tiki zote za kijani. Mwenye mali ni mama mmoja ana duka la dawa Tandika, na humo ndo kuna kila kitu chake: stoku, tarehe za dawa kuisha muda, bei za jumla, madeni ya wateja. Programu aliandikiwa na kijana mmoja miaka ya nyuma, kijana namba yake haipatikani tena, faili la kuinstolia halipo popote, na programu yenyewe inasoma data kutoka SQL Server Express 2017, programu ya Microsoft ya kutunza hifadhidata, iliyomo humohumo kwenye laptopu.

Sasa unaona hapo. Fundi aliyetangulia alimwambia ifutwe iwekwe mpya. Mama akaja kwangu ananiuliza, "Mwanangu, wakishafuta hizi hesabu zangu zinarudije?" Nikamwambia mama, hapa hakifutwi kitu mpaka nijue hesabu zinakaa wapi na nimezitoa nje na nimeziona zinafunguka. Hilo swali lake ndo swali ambalo fundi alitakiwa kuanza nalo kabla hajagusa flashi.

Mtu atauliza kwa nini asibaki tu kwenye 10. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na ule mpango wa kuongezewa muda kwa watumiaji wa kawaida unaishia 13 Oktoba 2026, tena unataka uwe kwenye 22H2 na uwe na akaunti ya Microsoft. Kwa mashine isiyotimiza vigezo ningemshauri hivyo bila kusita. Hii inatimiza, na ni mashine inayoingia mtandaoni kila siku kwa ajili ya oda, kuahirisha hakuna maana.

Bakapu kwanza, na hapa sina mchezo. Watu wengi wanajaribu kukopi lile faili la .mdf (ndo lenye data) kulipeleka kwenye flashi, linagoma maana SQL Server imelishikilia, basi wanazima huduma wanakopi hivyohivyo, inaweza kukubali lakini ukisahau lile la .ldf (kumbukumbu ya mabadiliko) au ukakuta halikufungwa vizuri unalia. Njia salama ni kuiambia SQL yenyewe ikutolee bakapu. Unafungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama admini, kwanza unaangalia majina ya hifadhidata zilizomo:

sqlcmd -S .\SQLEXPRESS -E -Q "SELECT name FROM sys.databases"

halafu ukishajua jina, tuseme ni duka, unatoa kwenda diski ya nje:

sqlcmd -S .\SQLEXPRESS -E -Q "BACKUP DATABASE duka TO DISK='E:\bakapu\duka.bak' WITH CHECKSUM"

Hilo faili usiliamini kwa sababu tu lipo. Nililirejesha kwenye mashine yangu, nikafungua majedwali, nikampigia mama simu nikamsomea bidhaa tano za mwisho alizouza na bei zake. Akasema ndiyo, ndo zenyewe. Hapo sasa ndo unaita bakapu. Baada ya hapo nikachukua picha nzima ya diski kwa Clonezilla, programu ya kukopi diski, patisheni zote mpaka zile ndogo zilizofichwa, ili hata mambo yakiharibika kabisa naweza kuirudisha mashine kama ilivyoingia dukani kwangu. Na kabla ya Clonezilla angalia manage-bde -status, kama diski imefungwa kwa BitLocker (ufungaji wa siri wa diski wa Windows) tafuta ile funguo ya tarakimu 48 mapema, usisubiri mashine ikuombe.

Betri ya laptopu ilikuwa imekufa kwa hiyo ikakaa kwenye UPS muda wote. Umeme wetu mnaujua.

Nikapakua ISO ya Windows 11, faili moja lenye Windows nzima ya kuinstoli, zaidi ya GB 5 hiyo, kwa hiyo pangeni bando. Jambo dogo linaloumiza wengi hapa ni lugha. Windows iliyomo kwenye ile laptopu ni English ya United States, ukipakua English International, setup inakubali kuanza vizuri tu lakini kwenye hatua ya kuchagua nini kibaki, ile chaguo ya kubakiza faili na programu inakuwa imefifia huwezi kuibonyeza. Mtu anaona hivyo anasema aah basi imekataa, napiga upya. Haijakataa, lugha haifanani. Vilevile edisheni, Pro kwenda Pro.

Unabonyeza ISO mara mbili inafunguka kama diski, unaendesha setup.exe ukiwa ndani ya Windows 10 yenyewe. Hiyo ndo inaitwa kuapgredi juu kwa juu. Ukiwasha mashine kwa flashi ya kubuti hupati hii njia, huko ni kuinstoli upya tu.

Kizuizi cha kwanza kikaja mapema, ujumbe unasema "We couldn't update the system reserved partition". Mashine ina GB 90 wazi kwenye C, sasa inalalamika nafasi gani? Inaongelea ile patisheni ndogo ya EFI ambayo haionekani kwenye This PC, ya MB 100, inayobeba faili za kuwashia. Kwenye mashine nyingi za ofisini kampuni iliyozitengeneza inaweka humo nakala za BIOS na vifaa vyake vya kupima afya ya mashine, taratibu panajaa, setup ikitaka kuweka faili mpya za kubuti inakosa pa kukaa. Ukitaka kuiona unaipa herufi:

mountvol Y: /s

kisha CMD ya admini unaingia Y:\EFI\Microsoft\Boot\Fonts na unafuta yaliyomo kwenye hilo folda la Fonts peke yake. Hizo ni fonti za menyu ya kuwashia, njia hii Microsoft wenyewe wanaielekeza. Nasisitiza Fonts peke yake, ukitoka nje ya folda hilo ukafuta bootmgfw.efi mashine haiwaki tena. Faili za kampuni iliyotengeneza laptopu sikuzigusa, sikuona sababu, nafasi ilishatosha.

Na hapa niseme kitu kuhusu kufomati. Wengi wakipiga upya wanafuta C tu, ile patisheni ndogo wanaiacha kama ilivyo maana hawajui ya nini na wanaiogopa. Kwa hiyo unakuta mtu amefuta data zote za mteja na ile iliyokuwa inasumbua ndo ameiachia.

Setup ikaendelea, asilimia zikapanda, ikarestati, ikarestati tena, skrini nyeusi na kile kiduara kinazunguka, halafu ikarudi Windows 10 yenyewe na ujumbe 0xC1900101 - 0x30018. Nafikiri hiki ndo kipengele ambacho kingewasaidia mafundi wengi zaidi ya vyote. Ile kodi ya kwanza, 0xC1900101, peke yake haisemi mengi, ni ya jumla, mara nyingi inahusu draiva, ile programu inayoendesha kifaa. Ya pili ndo yenye habari. Tazama ile tarakimu ya kwanza baada ya 0x. Ikiwa 1 imekufa bado iko ndani ya Windows ya zamani. Ikiwa 2 imekufa kwenye yale mazingira madogo ya uokoaji ambako faili mpya zinawekwa. Ikiwa 3 Windows mpya imeshawaka mara ya kwanza na imeanza kutambua vifaa. Ikiwa 4 ni mwasho wa pili, huko ndo kuhamisha akaunti na mipangilio ya mtumiaji. Yetu ni 3, na 18 ya mwisho ni ile hatua ya sysprep, ya kuandaa Windows mpya. Tafsiri yake kwa lugha ya kazi ni kwamba kuna draiva iliyoacha kumjibu setup wakati Windows 11 inatambua vifaa.

Kwa hiyo DISM na sfc, zana za Windows za kukagua na kurekebisha faili zake ambazo kila mtu anakimbilia, hapa zisingenisaidia kitu. Nilizipitisha kwa sababu hazina madhara, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth halafu sfc /scannow, zote safi. Windows 10 haikuwa mbovu, kilichokuwa kinakwama ni kitu inachokibeba kwenda nacho.

Kujua ni draiva gani, usibahatishe. Setup ikianguka inaacha logi (kumbukumbu za kila hatua iliyopita) kwenye C:\$WINDOWS.~BT, folda limefichwa, ndani yake Sources\Panther na Sources\Rollback. Kuna setuperr.log, setupact.log, na ile ya vifaa setupapi.dev.log. Ni ndefu, ila huhitaji kuisoma yote, nenda mwisho kabisa upande juu taratibu. Kuna pia kifaa cha SetupDiag kinachozisoma kwa niaba yako. Kwenye logi ya vifaa kazi ilikatikia kwenye faili la oem lenye namba, hakuna mstari mwingine baada ya hapo. Nikaenda:

pnputil /enum-drivers

hii inakuorodheshea kila draiva ya nje, jina lake la oem, jina lake la asili na aliyeitengeneza. Jibu likawa ni draiva ya modemu ya USB, zile za kuchomeka na laini ndani tulizotumia wote kabla simu hazijaanza kugawa intaneti. Nikamuuliza mama, akasema modemu walishaitupa zamani. Modemu imetupwa lakini programu yake na draiva zake tatu zimebaki humo, na moja ya hizo ni ya mtandao ambayo Windows 11 inajaribu kuiamsha kila mara.

Nikatoa programu ya modemu kwanza kwenye Apps, halafu draiva moja moja kwa pnputil /delete-driver oem27.inf /uninstall, namba unaweka zako. Nikatoa na antivairasi ya nje aliyowekewa, siyo kwamba logi iliitaja, ila hizi huwa zinajibanza ndani sana kwenye mfumo na Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inatosha kuvusha hatua hiyo. Printa ya risiti na skana ya msimbo pau nikazichomoa, ikabaki chaja peke yake. Safari hii ikapanda mpaka mwisho. Faili zipo, programu zipo, mpaka ile picha ya wajukuu kwenye skrini ipo palepale.

Nikafungua programu ya duka. Haiungi na hifadhidata.

Hapa ndo pa kuwa makini, maana mtu akifika hapa anasema si unaona, kuapgredi kunaharibu, ungepiga upya. Nikafungua services.msc, SQL Server (SQLEXPRESS) imesimama, ukiiwasha inasimama tena. SQL nayo ina logi yake, C:\Program Files\Microsoft SQL Server\MSSQL14.SQLEXPRESS\MSSQL\Log\ERRORLOG, hiyo 14 ni kwa toleo la 2017. Unaifungua kwa Notepad. Karibu na mwisho kuna mstari unasema kumekuwa na "256 misaligned log IOs" na unataja master.mdf. Ukiona huo mstari acha kuhangaika na programu ya mteja, shida ni jinsi diski inavyojitambulisha.

Nieleze kidogo maana wengi hawajawahi kukutana nayo. SQL Server inajua kuandika kwenye diski yenye sekta (vipande vidogo diski inavyogawanywa) za baiti 512 au 4096, basi. Baadhi ya SSD za NVMe zinajitangaza kuwa na sekta kubwa kuliko hapo. Windows 10 ilikuwa haiipelekei SQL habari hiyo, kila mtu anaishi kwa amani. Draiva ya NVMe ya Windows 11 inasema ukweli, inachukua kile diski inachotangaza na kukipitisha kama kilivyo, SQL ikikuta sekta inayozidi 4096 inakataa kuwaka. Unahakikisha kwa amri hii:

fsutil fsinfo sectorinfo C:

angalia mistari ya PhysicalBytesPerSectorForAtomicity na PhysicalBytesPerSectorForPerformance. Kwenye hii laptopu zilisoma 16384. Dawa inayojulikana ni kuongeza kitu kwenye rejista (Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows) kinachoilazimisha draiva iseme 4 KB, PowerShell ya admini:

New-ItemProperty -Path "HKLM:\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\stornvme\Parameters\Device" -Name "ForcedPhysicalSectorSizeInBytes" -PropertyType MultiString -Force -Value "* 4095"

Ndiyo ni 4095 siyo 4096, na hiyo nyota na nafasi zinabaki. Unarestati mashine. SQL ikawaka yenyewe, programu ikafunguka, nikaangalia zile bidhaa tano za mwisho, zipo.

Sasa jiulize ingekuwaje kwa kufomati. Diski ni ileile, draiva ya NVMe ni ileile ya Windows 11, kwa hiyo ukienda kuinstoli SQL Server Express upya inakufa katikati na ujumbe wa "Wait on the Database Engine recovery handle failed". Ungekuwa na Windows mpya safi, SQL isiyokubali kuingia, programu isiyo na faili la kuinstolia, na mama amesimama mlangoni. Na ungeamini Windows 11 haifai, kumbe ni mstari mmoja wa rejista.

Sisemi kufomati hakuna nafasi yake. Ningefomati bila kufikiri mara mbili kama mashine ingekuwa na virusi, au Windows iliyochakachuliwa ambayo hujui nani kaichezea nini, au kama DISM ingeshindwa kabisa kurekebisha. Ikiwa Windows 10 ni ya biti 32 hakuna namna nyingine, Windows 11 haina ya biti 32 na huwezi kuvuka juu kwa juu. Ikiwa diski inakufa, hiyo kwanza badilisha diski, kuapgredi au kufomati juu ya diski inayokufa vyote ni kupoteza muda. Na mashine ya mwanafunzi yenye Word na miziki tu, fomati tena ni haraka zaidi kuliko kusoma logi.

Ila hata huko kwenye kufomati kuna mitego yake. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 ukibuti flashi unafika kwenye kuchagua diski unakuta orodha tupu, hakuna diski, watu wanadhani SSD imekufa. Ni ile VMD, mfumo wa Intel wa kusimamia diski, unatakiwa kuweka draiva ya Intel RST kwenye flashi na kuipakia hapohapo. Waifai inaweza isionekane wakati setup inadai intaneti, chomeka simu kwa waya ugawe intaneti kwa USB, mara nyingi inapita. Na kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11 ukiinstoli upya ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi zinafunga diski kwa BitLocker zenyewe kimyakimya na funguo inakwenda kwenye hiyo akaunti. Mafundi, akaunti hiyo iwe ya mteja! Ukitumia ya kwako na BIOS ikaja kubadilishwa kitu baadaye, mteja ataombwa zile tarakimu 48 na hatakuwa na pa kuzitoa. Leseni wala usihangaike, kama edisheni ni ileile na bodi ni ileile inajiamsha yenyewe ikipata mtandao.

Kwa ile laptopu kabla haijaondoka nilifanya kitu kimoja zaidi. Windows inaweka ile ya zamani kwenye Windows.old kwa siku 10 tu, baada ya hapo huwezi kurudi nyuma, na duka la dawa lina mambo yanayofanyika mwisho wa mwezi ambayo ndani ya siku 10 huenda usiyaone. Muda unaongezwa mapema kabla hazijaisha:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Siku 60 ndo mwisho inaokubali. Inakula nafasi lakini hii ina nafasi. Nikamwekea na bakapu ya SQL kila usiku kwa Task Scheduler kwenda diski ya nje, akiwa anafunga duka anaona tu taa inapepesa.

Kilichobaki ni kijana aliyeandika programu. Nimemwomba mama aulizie kwa ndugu zake, maana ile patisheni ya MB 100 bado ni ya MB 100, sasisho kubwa lijalo linaweza kupajaza tena, na SSD nayo siku moja itachoka. Siku hiyo kufomati hakutaepukika, na faili la kuinstolia litatakiwa liwepo. Akilipata nimemwambia aniletee nakala moja, nyingine akae nayo mwenyewe nyumbani pamoja na leseni ya duka.